Raketi Mbili za Fundi Abshir

Benchi letu liko mbele ya duka la ushonaji la Abshir, hatua chache kutoka soko la Suuq Mugdi hapa Garissa, na nyuma yake kuna ukumbi wa vijana wenye meza moja ya ping-pong. Watu wa benchi ni walewale. Kuna Kerrow, mwalimu mstaafu tunayemwita Profesa. Kuna Alio, dalali wa ngamia, ambaye kwa urefu wake anaitwa Dheere. Mimi wananiita Karani kwa sababu ya kazi yangu soko la mifugo. Na Abshir mwenyewe, Fundi, huacha cherehani kila baada ya dakika kumi aje kupiga funda la kahawa. Ijumaa hiyo hakuna aliyetulia. Gari la timu ya wafanyabiashara lilikuwa liondoke alfajiri kwenda mashindano Wajir, na Fundi, nahodha wetu, hajaamua atacheza na raketi gani. Alikaa, akasimama, akaingia ukumbini, akarudi, akakaa tena.

— Hii mpya imekufa, akasema, akiitupa benchini. Ndugu yangu Abdisamad ameituma kutoka Nairobi, imewekwa nyuzi za kaboni katikati ya mbao. Mpira unaenda kama risasi, sikatai. Lakini mkononi sipati kitu.

— Kitu gani? nikauliza.

— Habari, Karani. Ile ya zamani ni mbao tupu, tabaka tano. Mpira ukigusa, inatetemeka kidogo mpaka hapa kwa kiganja. Unajua umepiga pembeni ama katikati kabla macho hayajaona. Hii ni kama kushika mkono wa mtu amelala.

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

— Ni miti, Abshir. Zamani mti ulikua polepole, miaka na miaka. Siku hizi unapewa mbolea, unakua mbio kama kuku wa broila. Mti kama huo utakuwa na habari gani ya kukupa?

— Miti hapana, Dheere akakataa. Mguu wake haukuacha kutikisika, na benchi lote likatikisika naye. Ni gundi. Gundi ya zamani ilikuwa inatoka kwa kwato. Kwato ni mnyama, iko na damu. Hii ya kiwanda ni dawa tu. Sasa habari itapita wapi?

— Kwato haina damu, Dheere.

— Wewe umefundisha watoto, mimi nimeuza ngamia. Nani anajua kwato?

Profesa akaona upande huo ameshindwa, akahamia mwingine.

— Basi ni safari. Ile ya zamani ililetwa na lori, ikalizoea joto letu kidogo kidogo. Hii imepanda ndege. Mbao ikishushwa Garissa ghafla namna hiyo, inashtuka, inajifunga.

— Imeshtuka! Dheere akapiga paja. Wallahi hapo umesema. Ngamia ukimpandisha lori kutoka Takaba, siku tatu hakujui. Ipe siku tatu, Fundi.

— Sina siku tatu. Niko na mpaka alfajiri.

Akasimama tena. Nilichoka kumwangalia, nikamwambia tumfunge macho tujaribu zote mbili, tumalize. Tukaingia ukumbini. Profesa akamfunga shuka usoni. Raketi zenyewe vipini vyake Fundi alikuwa amevizungushia kitambaa cha aina moja, na uzito wake haukupishana sana. Nje jenereta la jirani lilinguruma hata mlio wa mpira haukusikika vizuri. Dheere akawa anadondosha mpira juu ya raketi, mimi nabadilisha.

— Hii?

— Mpya.

Ilikuwa ya zamani.

— Na hii?

Alisita, akaikaza mkononi.

— Mpya. Hapana. Ya zamani.

Ilikuwa mpya. Tukafanya mara kumi, akapatia nne. Alipovua shuka, jasho lilikuwa limemjaa usoni, na hakututazama.

— Hata ya zamani imekufa, akasema taratibu.

Kisha Dheere akauliza:

— Unaweka wapi hizi raketi?

— Kwa mfuko mmoja, tangu mwezi uliopita.

— Si unaona! Imeambukizwa!

Nilimngoja Profesa acheke. Hakucheka. Akaanza kutueleza jinsi kaboni inavyoweza kunyonya unyevu wa mbao iliyolala karibu nayo. Dheere akasema dawa ni kuipaka subag, samli safi ya nyumbani, na kuilaza juani. Profesa akasema kivulini. Tukarudi benchini tukibishana juu ya samli, Fundi katikati yetu, kichwa chini.

Hapo ndipo Ruqiya alipofika. Yeye ni mwalimu wa chekechea, mteja wa Fundi wa siku nyingi, wala hajawahi kukaa benchini kwetu. Alikuwa ameshika shati la shule la mwanawe.

— Assalaamu alaykum.

— Wa alaykumu salaam, tukajibu.

— Fundi, sikuja kugombana. Hii shati imeshonwa na nani?

— Na mimi mwenyewe.

Akalikunjua. Mshono wa bega ulikuwa umekwenda kombo, na chini ya kola palikuwa na tone dogo la damu, limekauka.

— Miaka tisa unatushonea, sijaona mshono wako ukipinda hata siku moja. Mkono wako uko na nini, walaal, ndugu yangu?

Profesa alimtazama Dheere. Mguu wa Dheere ukatulia. Fundi akauficha mkono wa kulia chini ya kwapa kama mtu aliyeshikwa na baridi.

— Vidole vitatu, akasema mwishowe. Gumba na hivi viwili vinavyofuata. Tangu Ramadhani. Asubuhi vinakufa ganzi, mchana sivisikii kabisa. Sindano ikinidunga, najua nikiona damu.

— Saado anajua? Profesa akauliza. Saado ni mkewe.

— Hajui.

Dheere alikuwa ameshainuka, funguo za gari mkononi.

— Ingia.

— Niko na sare za shule hazijaisha…

— Ingia, Abshir.

Sijawahi kumsikia Dheere akimwita kwa jina lake.

Hospitalini daktari, binti mdogo mpole, alimgongagonga kwenye kifundo cha mkono kwa ncha ya kidole, akamwuliza anashika mkasi masaa mangapi kwa siku. Akatuambia neva inayopita hapo imebanwa. Akamfunga kifaa cha kuushikilia mkono na kumwamuru wiki sita bila mkasi na bila mchezo, halafu wataona kama kuna haja ya upasuaji. Fundi aliuliza neno moja tu.

— Utarudi?

— Inshallah, mkono utarudi, sehemu kubwa. Ungekaa miezi mingine ukinyamaza, nisingekuambia hivyo.

Wajir tulikwenda bila yeye. Dheere alicheza nafasi yake, tukafungwa vibaya, tukarudi Jumapili na mavumbi yetu. Nilikwenda dukani moja kwa moja. Saado alikuwa meza ya kukatia, ameshika mkasi mkubwa, ana hasira bado kwa kufichwa. Fundi alisimama kando yake, mkono umefungwa.

— Kwa nini hukutuambia? nikamwuliza. Umetuacha tukibishana habari ya samli kama wendawazimu.

Alimtazama mkewe, akapunguza sauti.

— Nilitaka iwe raketi, Karani. Kila siku nilikuwa naomba Mungu iwe raketi. Raketi ikiharibika, Abdisamad ananitumia ingine.

— Hapa napita wapi? Saado akauliza bila kuinua kichwa.

Fundi akainama juu ya kitambaa, akamwonyesha njia kwa mkono wa kushoto.