Nti Iliyomshukuru Jaafar

Mimi ndiye mwenye dele la kahawa. Kila siku baada ya sala ya alasiri huweka seredani yangu penye baraza ya mawe iliyo ukutani mwa nyumba ya Bwana Gharib, mtaa wa Mkomani, hapa Lamu, Amu kwa wenyewe, na kabla makaa hayajashika vizuri wateja wangu huwa wamekwisha kaa na kuanza kubishana. Ni watu watatu. Yunusi tunamwita Simu, kwa sababu habari humfikia yeye kabla ya kumfikia mwenye habari. Mselem tunamwita Stambuli. Hajafika hata Malindi, lakini huapa kwa Khalifa wa Stambuli utadhani ni mjombake. Wa tatu ni Abdulghafur, Kadhi Mdogo, aliyeacha chuo kabla ya kumaliza juzuu ya pili na tangu hapo anahukumu kila jambo la dunia na akhera. Kwa kawaida huwavumilia, maana wanakunywa sana. Lakini siku ninayoisema ilikuwa mwaka ule vita vya Wazungu vilipokwisha, na jana yake tarishi wa serikali alikuwa amebisha kwa Bwana Gharib, akamwambia kwamba mwanawe Jaafar, aliyekuwa mpagazi wa jeshi huko bara ya Wajerumani, amefariki. Amekufa kwa ajili ya nchi yake, tarishi alisema, na nchi yake inamshukuru. Kisha akaenda zake.

Bwana Gharib alitoka ndani akaja kukaa nasi, pembeni kabisa. Ni mkamuaji wa mafuta ya simsim. Ana kinu na ngamia wa kukizungusha, na Jaafar ndiye aliyekuwa akimwongoza yule ngamia tangu utoto wake. Nilimpa kikombe. Alikipokea, akakishika tu.

– Tima hajalia, akasema. Tima ni mkewe, mama wa marehemu.

– Hajalia tangu yana? Simu akauliza.

– Hajalia, wala hataki hitima isomwe. Amenambia hivi: yule tarishi amesema mwanangu amekufa kwa nti yake. Nenda kaulize ni nti gani. Nikisha kuiyua iliyomtukua, ndipo nitamlilia. Basi nimekuya kwenu. Nyinyi mwayua mambo. Nirudi ndani nimwambie nini?

Nilitaka kumwambia kwamba amekosea baraza. Badala yake nikapuliza makaa, na hilo ndilo kosa langu la siku ile, kwa sababu Simu alikuwa amekwisha kohoa.

– Yambo dogo hilo, Bwana Gharib. Pwani hii yote ni ya Sultani wa Unguja. Bendera nyekundu ni ya nani? Mwingereza ni mpangaji tu. Jaafar amekufa kwa nti ya Sultani.

– Sultani alimuona Jaafar lini? akauliza Stambuli.

– Si lazima amuone. Sultani haangalii mtu moya moya.

– Na aliyempeleka zitani ni nani? Si huyo mpangaji? Tangu lini mpangaji akamtuma mtoto wa nyumba?

Simu akanywa kahawa yake yote kwa mkupuo, ikamuunguza.

– Nisikizani mimi, Stambuli akaendelea, na sauti yake ilikuwa imekwisha panda. Nti ya Muislamu ni moya. Iko tini ya Khalifa, kutoka Makka mpaka Kiwayu. Mengine yote ni mistari ya Wazungu kwenye karatasi.

– Khalifa alikuwa upande wa nani katika zita hizi? akauliza Bwana Gharib.

Sote tulijua jibu, hata mimi wa makaa. Khalifa alikuwa na Wajerumani. Ikiwa nchi ya Jaafar ni ya Khalifa, basi kijana wa watu alikuwa akibeba kichwani risasi za kuipigia nchi yake mwenyewe. Nilimwona Stambuli akifika hapo polepole, kwa uso wake.

– Huenda Khalifa hakuyua, akasema.

– Hakuyua nini?

– Kuwa Jaafar yumo.

Nilimwongezea kahawa ili apate cha kufanya kwa midomo yake. Kadhi Mdogo alikuwa akingojea nafasi hiyo. Alivuta kanzu, akaketi sawasawa kana kwamba kuna mashahidi wa kuapishwa.

– Yambo hili lina hukumu yake. Mwenye kukulisha na kukuvika ndiye mwenye nti yako. Jaafar alikula unga wa nani? Wa Mfalme wa Waingereza. Basi nti yake ni Ulaya.

– Ulaya hajapata kuiona! akapinga Stambuli.

– Hajaiona, lakini ameifia. Nami nimeambiwa na mtu mkweli kuwa hiyo nti ya Mfalme ni kisiwa kidogo kuliko Pate. Yua halitoki. Nguo haikauki. Ndipo wenyewe wakawa wazunguka ulimwenguni wakitafuta nti za wenzao, wapate pa kuanika.

Tulicheka. Mimi pia nilicheka, na mpaka leo najionea haya, kwa sababu nilipogeuka nilimwona Bwana Gharib akitutazama mmoja mmoja, si kwa hasira, ila kama mtu anayesubiri tumalize ili aulize tena.

– Nilimpeleka Mombasa na madebe ya mafuta akauze, akasema. Askari walimshika sokoni, wakamtia kamba moya na watu asiowayua. Madebe yalibaki pale pale. Abdulghafur, nti yako hukushika kwa kamba?

– Yategemea, akasema Kadhi Mdogo.

– Yategemea nini?

– Yategemea na nti yenyewe.

Hapo Simu alirudi kwenye mabishano, na aliporudi alikuwa amepotea zaidi. Huyu mtu akishindwa kwa jambo dogo hutafuta kubwa la kujifichia.

– Mwawakumbuka watu wa Witu? Walilala ni watu wa Mjerumani, wakaamka ni watu wa Mwingereza. Wakubwa walikaa huko Ulaya wakabadilishana, huyu akatwaa hiki, huyu akatwaa kile. Hapana aliyekwenda Witu kubisha hodi na kuwaambia. Basi mimi nasema Amu nayo imebadilishwa, na sisi hatuyaambiwa.

– Imebadilishwa na nini?

– Siyui. Na kisiwa chengine. Huenda saa hizi sisi tu Wajerumani.

– Astaghfirullahi!

– Au Wataliano! Mtaliano yuko Barawa hapo, si mbali. Wewe Stambuli huenda ni Mtaliano tangu mfungo wa Ramadhani, na futari ukala, na huna habari.

Stambuli akasimama. Wallahi nilifikiri atampiga.

– Mimi ni mtu wa Amu! Babu zetu walipigana pale Shela, watu wa Pate na watu wa Mombasa waliwajia pamwe, na babu zetu wakawashinda wote. Hawakuwa na Sultani wala Mfalme siku hiyo. Nti yetu ni Amu, na Jaafar ameifia Amu, na Bi Tima aambiwe hivyo, apate kulia mwanamke wa watu.

Ilikuwa kauli nzuri. Hata punda aliyekuwa akipita na mawe alionekana kuikubali. Kwa kitambo kidogo nilidhani tumepata jibu la kumpelekea Bi Tima, nikamwangalia Bwana Gharib kwa matumaini.

– Mjerumani aliikosea nini Amu? akauliza.

Tulifikiri. Tulifikiri kwa bidii, wallahi. Wajerumani waliowahi kukaa hapa zamani walituuzia nguo na kulalamikia joto. Hakuna aliyekumbuka kosa lolote.

– Basi amekufa kwa kitu gani? Bwana Gharib akasema. Nambiani. Nyumbani kuna mtu amekaa na mato makavu, hajalia.

Kadhi Mdogo akainua kidole. Laiti ningekuwa nimemmwagia kahawa ya moto pale pale.

– Hukumu ya mwisho. Nti ya mtu ni pale kilipozikwa kitovu chake. Kitovu cha Jaafar kimezikwa wapi?

– Uani kwangu, tini ya mkomamanga.

– Alhamdulillahi. Basi ameufia ua wako.

Bwana Gharib aliweka kikombe chini. Kahawa ilikuwa imejaa vile vile.

– Ua wangu haukumtuma pahali, akasema. Ua wangu ulikuwa ukimsubiri.

Stambuli alikaa tena. Nilisikia huruma na hasira pamoja, na sikujua hasira ile nimwelekezee nani, kwa hiyo nilimkaripia paka.

Ndipo mtu mmoja akaja kwa njia ya pwani, mgeni, mwembamba wa kutisha, amejitanda blanketi la jeshi ingawa kulikuwa na joto. Miguu ameifunga vitambaa. Alitoa salamu, tukaitikia.

– Natafuta nyumba ya Bwana Gharib, babake Jaafar.

– Ndiye mimi.

– Mimi naitwa Madi, ni mtu wa Mkokoni. Nilishikwa Mombasa siku moya na mwanao. Kule tulikokwenda tulikuwa pamwe mpaka mwisho wake. Mimi ndimi nilomzika.

Tulisogea sote, akakaa karibu na Bwana Gharib. Nilimpa kahawa, akaishika kwa mikono miwili.

– Alikufaje? Bwana Gharib akauliza.

– Tumbo. Mvua ilikuwa haikatiki na unga umeingia ukungu. Akawa hawezi kusimama. Nilitukua sanduku lake yuu ya langu, mpaka bwana mkubwa akaona, akasema haifai, kila mtu na mzigo wake. Alikufa alfajiri. Nilimuosha kwa mayi ya mvua. Sanda sikupata, Bwana Gharib, ilikuwa ni gunia. Nilimsalia peke yangu.

– Allah akulipe.

– Alikuwa akiuliza habari za ngamia. Kwamba mguu wake umepona au bado.

– Umepona, Bwana Gharib akasema.

Simu, ambaye hawezi kukaa kimya hata kwenye mazishi, akamuuliza kama wakubwa wa jeshi waliwaambia ni vita vya nini.

– Walituambia tuinue mizigo, Madi akasema.

Alimaliza kahawa yake. Kisha akatutazama sote watano kwa adabu, kama mtu aliyefika kwa wakubwa wenye maarifa.

– Sasa nanyi nisaidiani. Walipoturudisha sisi tuliosalia, bwana mkubwa alitupanga mistari akasema, nti yenu yawashukuru. Mimi ni mtu wa shamba, siyui mambo ya mui. Kwetu mtu akikushukuru kwa kazi hukuita kwake, mkakaa, ukamueleza kazi ilivyokuwa. Nami nina ya kumueleza. Watu wengi tumewaata ndiani hawakuzikwa. Wangine nawayua na mama zao. Yafaa aambiwe, wakatukuliwe. Basi huyo alotushukuru, nyumba yake ni ipi? Nionyeshani niende kabla ya magharibi.

Simu aliinua mkono kuelekea ngomeni, kwenye serikali, ukafika nusu, akaushusha. Stambuli alikuwa akiangalia mapengo ya mawe ya njia. Kadhi Mdogo akanisogezea kikombe na kuomba kahawa. Nikamwambia imekwisha, na dele lilikuwa zito mkononi mwangu.

Madi akangoja. Hakuwa akitudhihaki. Alikuwa akituuliza njia.

– Nyumba hiyo siiyui, Bwana Gharib akasema mwishowe. Nimezaliwa hapa na siiyui. Lakini mamake Jaafar yuko ndani. Ingia ukae nyuma ya pazia, umwambie yeye.

Alimshika mkono, maana miguu ile ilikuwa haipandi ngazi, wakaingia. Mlango haukufungwa. Tulimsikia Bi Tima akiuliza kutoka ndani:

– Wamekwambia ni nti gani?

– Hawayui, Tima. Wala mimi siyui. Ila nimekuletea mtu alomzika.

Sauti ya Madi ilianza, ndogo, wala hatukuyasikia maneno. Halafu Bi Tima akaanza kulia, na kilio chake kilikuwa cha mtu mkubwa aliyejizuia sana, kikatoka mpaka njiani, watu wakasimama. Sisi wanne tulibaki pale barazani, vichwa chini, tukimsikiliza.