Maji Niliyommwagia Baha

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Tumetoka kumzika Mama Baha, na udongo bado uko miguuni mwetu. Kaburini sikuweza kusema. Niruhusuni niseme hapa.

Mnanijua kama fundi matofali. Wengi hamjui kwamba nikiwa mvulana nilifungwa katika nyumba ya watoto waliovunja sheria. Niliiba mbuzi wawili wa jirani nikawauza mnadani. Kitanda kimoja nililala na Baha, aliyeiba mahindi ya ghala la kijiji. Polisi hawakumkamata. Mama yake mwenyewe alimshika mkono akampeleka kwa balozi wa nyumba kumi, ili afundishwe mapema.

Mle ndani ilikuwa jembe na fimbo. Lakini zawadi moja ilikuwepo. Waliomaliza muhula bila kosa walipandishwa lori hadi Ngorongoro, juu ukingoni, kutazama wanyama. Huko walipewa wali na soda, kila mmoja chupa yake. Ndugu zangu, soda ile tuliiota! Na sheria ilikuwa hii: wawili wa kitanda kimoja huenda pamoja au hubaki pamoja.

Asubuhi ya safari Baha aliamka anawaka homa na kukohoa. Mgonjwa haendi, na mwalimu hupita mstarini akigusa kila paji la uso. Baha akaniambia, "Nitasema tu. Sijiwezi."

Yeye alitaka kusema, ndugu zangu! Mimi ndiye niliyekataa. "Uninyime soda kwa ajili ya kikohozi?" nikamwambia. Nikamvuta hadi kwenye pipa, nikammwagia kichwani makopo matatu ya maji ya baridi. Mwalimu akamgusa, akasema, "Huyu mzima."

Lori lilikuwa wazi, na huko juu ukungu ulitufunika tusione kitu. Baha alitetemeka ubavuni mwangu. Kisha ukungu ukafunguka kidogo, tukaona nyati wengi chini kabisa. Baha akasema, "Mifugo yote hii, na hakuna balozi hata mmoja!" Tulicheka wote, hata mwalimu. Soda ilimshinda, akanipa yake. Nikanywa mbili.

Siku ya nne akafa hospitalini. Walisema ni mapafu.

Msibani, nilikopelekwa na mwalimu, mama yake aliniuliza kama Baha alipanda lori akiwa mzima. Nikajibu, "Alikuwa mzima, mama." Basi watu wakasema mtoto mzima hafi hivyo. Wakasema ni laana ya mama aliyemtoa mwanawe kwa serikali. Wakaacha kula kwake. Baadhi yenu mlikuwepo. Siwahukumu, maana uongo ulikuwa wangu. Mama akaamini kwamba mdomo wake ndio uliomuua mwanawe.

Miaka tisa nilipita njia nyingine nisiuone mlango wake. Nilikunywa pombe. Niliimba hapa kanisani bila kusikia ninachoimba.

Kisha masika moja alinifuata kwenye tanuri langu. Kaburi la Baha, nyuma ya nyumba yake, lilikuwa limetitia. Akaomba vipande vya matofali, akasema, "Ulikuwa rafiki yake. Nisaidie kupanga." Nikapanga mstari wa kwanza, nikaweka tofali chini. Nikamwambia yote.

Akauliza, "Makopo mangapi?"

"Matatu, mama."

"Naye alitaka kusema?"

"Alitaka."

Akakaa chini kwenye majani. "Kumbe si mdomo wangu," akasema. Akalia, ndugu zangu, kilio ambacho sijakisikia tena. Hakuniambia amenisamehe. Nisidanganye, hakusema siku ile wala baadaye. Alisema, "Maliza kazi." Nilipomaliza akaleta uji wa mtama, akanipa kibuyu kimoja, akaketi karibu nami. Tukanywa. Kwa miaka tisa hakuna mtu aliyekuwa amekula kwake, na ninyi sikuwaambia hadi leo.

Sijui kama maji yale ndiyo yaliyomuua Baha. Mungu anajua. Ninachojua ni kwamba siku ile Yesu alinifungua mimi, na mama akafunguliwa pamoja nami. Ahsante Bwana! Kama unamficha mtu ukweli unaomtesa, mwamini Mungu, nenda kwake leo, naye angali hai.

Nami nawaomba jambo moja. Tukitoka hapa, msirudi makwenu kwanza. Nimepika uji kwake tangu alfajiri, na mlango uko wazi. Twendeni tukale kwa Mama Baha.