Verlin Hatcher na Mlango Alioufunga Mwenyewe

Leo tunamzika Verlin Amos Hatcher, wakili wa Laurel Fork. Familia haikuja kumpamba kwa sifa asizostahili. Yeye mwenyewe asingekubali.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 hapa Laurel Fork, milima ya mashariki ya Kentucky, mtoto wa pili wa Amos Hatcher, mchimba makaa, na mkewe Zelda. Hakujua kutulia. Kanisani mama yake alimketisha mwisho wa benchi, ili akianza kuhangaika asiwakanyage watu.

Alisoma shule za kaunti hii, akahitimu sheria Lexington mwaka 1966, kisha akafungua ofisi juu ya duka la dawa, mkabala na mahakama. Tarehe 8 Juni 1968 alimwoa Idella Caudill, mwalimu wa muziki, wakajaliwa binti mmoja, Corrine.

Idella alizoea kula na mtu anayezunguka meza. Wageni wakiuliza habari za kesi, Verlin alipanga vyombo. Mabakuli ya maharage yalikuwa mahakama za jimbo: ya kaunti, ya rufaa, ya juu, ambazo mahakimu wake tunawapigia kura wenyewe. Vipande vya mkate wa mahindi vilikuwa mahakama za shirikisho, ambazo mahakimu wake huteuliwa na Rais na kukaa mpaka wachoke. Chupa ya chumvi, Mahakama ya Juu ya nchi nzima kule Washington, ilisimama peke yake katikati.

"Verl," Idella alimwambia siku moja, "hebu nipe hiyo Washington. Maharage yangu hayana ladha."

Mwaka 1983 alimtetea Dorsey Stamper, mpasua mbao aliyeshtakiwa kuchoma kiwanda cha mwajiri wake. Dorsey alichagua kutotoa ushahidi, kama alivyokuwa na haki. Mwendesha mashtaka akawauliza wazee wa baraza, wale raia kumi na wawili wanaoamua kama mtu ana hatia: mtu asiye na hatia ananyamazaje? Verlin alisimama akapinga, akataja katiba ya jimbo. Katiba ya Marekani hakuitaja. Zote mbili zinalinda haki hiyo kwa maneno yanayokaribiana, naye akaona moja inatosha.

Dorsey alifungwa miaka ishirini. Mahakama za juu za jimbo zikasema katiba ya jimbo haikuvunjwa, na katika sheria ya jimbo neno lao ndilo la mwisho. Mwaka 1987 Verlin alikwenda mahakama ya shirikisho. Hakimu alimsikiliza kwa upole, kisha akamwambia hawezi kuwasahihisha mahakimu wa jimbo kwa swali la Katiba ya Marekani, ambalo hawakuulizwa. Mlango ulikuwa umefungwa, na aliyeufunga ni Verlin.

Tangu siku hiyo ikawa hakukaliki naye. Alianza sentensi akaiacha, aliwasha gari akalizima. Njia moja ilibaki. Katiba ya Marekani humpa mshtakiwa haki ya wakili anayefanya kazi yake sawasawa, na hakimu wa jimbo naye anafungwa na Katiba hiyo. Lakini lazima ithibitishwe kwamba wakili alishindwa kuifanya kazi hiyo. Verlin akaikabidhi kesi kwa wakili kijana, Maribeth Sizemore, ili yeye mwenyewe awe shahidi.

Dorsey alimuuliza gerezani, "Sasa wakili, ukishasema hivyo mbele za watu, nani atakupa kesi?"

"Hilo niachie mimi. Wewe lako ni kutoka humu."

Aprili 1989 alipanda kizimba cha mashahidi katika mahakama ya kaunti, mbele ya watu aliokua nao. Mwendesha mashtaka, akijua kwamba mbinu ya makusudi haihesabiwi kuwa kosa, alimfungulia njia ya kuokoa jina lake. "Bwana Hatcher, mtu wa uzoefu wako bila shaka aliiacha Katiba ya Marekani kwa mbinu fulani."

"Hapakuwa na mbinu," Verlin alisema. "Sikufanya kazi yangu."

Hakimu, ambaye kura zake zilitoka kwa watu wa kiwanda kile kile, aliamuru kesi isikilizwe upya. Oktoba 1990 baraza jipya lilimwachia Dorsey. Wateja wengi walimkimbia Verlin, na wengine hawakurudi. Hakulalamika, aliona ni haki yao. Mawakili wapya aliwaambia jambo moja tu: tajeni katiba zote mbili.

Moyo wake ulianza kudhoofika mwaka 2009. Hata wodini alitembea akisukuma stendi ya chupa ya dripu, wauguzi wakimfuata. Dorsey alimtembelea kila Jumapili. Jumapili ya mwisho alimshika mkono.

"Keti, wakili. Mimi nilishatoka zamani."

Verlin akaketi. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 3 Novemba 2011.

Ameacha mjane, Idella; binti, Corrine; wajukuu wawili, Tobin na Lenora; na kaka yake, Royce. Dorsey Stamper ni miongoni mwa watakaobeba jeneza, kwa ombi la marehemu.

Verlin, kesi imekwisha. Sasa pumzika, na amani iwe nawe.