Kitambaa Chekundu cha Yoakim Imalingat

Wazee wetu, viongozi wa kanisa, majirani wa Mella na ninyi mliovuka mpaka kutoka Busia, familia inawashukuru kwa kufika, na inawaomba mvumilie mpaka mwisho wa maneno haya, kwa kuwa sehemu ya mwisho imeandikwa upya jana kwa ombi la mjane, Apolot, na yeye mwenyewe ameketi hapa akitaka isomwe yote.

Yoakim Imalingat alizaliwa Jumanne, tarehe 12 Aprili 1966, hapa Mella, Wilaya ya Tororo, mtoto wa nne kati ya saba wa marehemu Eriku Oriokot na marehemu Amulen. Alianza shule ya msingi mwaka 1974, akaishia darasa la sita mwaka 1979, na anayekumbukwa na wanafunzi wenzake si yule wa kwenye daftari bali yule aliyekata soli za ndala akatengeneza bawaba za mlango wa darasa, mlango uliofunguka na kufungwa kwa bawaba hizo mpaka upepo ulipochukua paa na jengo likaachwa.

Mwaka 1984 alivuka kwenda Busia upande wa Kenya, akapokelewa na fundi Okochi, Msamia aliyekuwa akichomelea trela za malori karibu na forodha, akafanya kazi kwake miaka kumi na mitatu. Malori yaliyobeba nguzo zilizopita urefu wa trela yalifungwa kitambaa chekundu nyuma ili wanaofuata wajihadhari, na Okochi alikuwa ameichukua desturi hiyo akaiingiza kwenye karakana yake, kwamba kitu chochote kilichofungwa kwa muda tu, kwa waya, kwa msumari au kwa mpira wa baiskeli, kisitoke pale bila kitambaa chekundu, na kwamba anayekifungua ni fundi peke yake, siku atakapoweka kifaa chenyewe. Imalingat aliporudi nyumbani mwaka 1997 kuzika baba yake na kushika shamba, alirudi na mashine moja ya kuchomelea na sheria hiyo.

Wengi wenu mna kazi ya mikono yake nyumbani. Alichonga majembe ya plau kutoka springi za malori, alitengeneza mashine ya kupukuchua mahindi kwa rimu ya baiskeli na meno ya misumari, alivisha miguu ya maghala yenu sketi za bati ili panya wasipande, na mkokoteni wa ekseli ya pikapu ambao kijiji kizima kiliuita ambulansi ulikuwa wake. Asiyekuwa na bolti alifungiwa waya, lakini waya ulitoka na kitambaa, na Imalingat hakuchoka kukumbusha kwamba hiyo ni ya leo tu. Jirani yake Nangila, ambaye shamba lake linapakana na hili, alikuwa akimtania kwamba siku jino likimuuma atajifunga kitambaa shavuni ili watu wajue taya si la kudumu, naye alikuwa akimjibu kwamba kwa jinsi Nangila anavyosema, ulimi wake ndio ungeanza kufungwa.

Alimwoa Apolot, binti wa Iyolwa, kwa mila tarehe 20 Julai 1991, na ndoa ikabarikiwa kanisani Jumamosi, tarehe 5 Desemba 1998. Walijaliwa watoto watatu, Asio aliyezaliwa 1992, Opio aliyezaliwa 1996 na Provia aliyezaliwa 2001, na wajukuu wanne. Gomesi aliyovaa Apolot kanisani, lile vazi refu la mama zetu, ilikuwa na mkanda mwekundu, na gomesi hiyo ilipochakaa Apolot alimpa mumewe mkanda, naye akaukata vipande, kwa hiyo vile vitambaa mnavyovijua vilitoka kiunoni mwa mkewe.

Macho yalianza kumsumbua mwaka 2019, moto wa kuchomelea ukiwa umeyala kwa miaka mingi bila miwani ya kufaa, na kufikia mwaka 2023 hakuweza tena kutofautisha bolti na msumari bila kushika. Rangi nyekundu aliendelea kuiona. Tangu hapo vitambaa havikuwa tena ishara kwa watu wengine tu, vilikuwa macho yake, na alipita shambani akitazama wapi pana wekundu na wapi hapana, kisha akaendelea na kazi kwa kuamini alichoona.

Sasa yanakuja yale ambayo Apolot ameomba yasomwe.

Mnakijua kisima cha ukoo na gurudumu la kuvutia maji alilolijenga Imalingat mwaka 2011 kwa gia za baiskeli, ili mwanamke mmoja aweze kupandisha madumu mawili. Alhamisi, tarehe 13 Februari mwaka huu wa 2025, bolti inayoshika ngoma ya kamba ilikatika, Imalingat akaweka msumari wa inchi sita mahali pake, akafunga kitambaa kwenye mkono wa kugeuzia, akasema yavutwe maji tu na mtu asishuke. Jumatatu, tarehe 17, alikwenda Busia akanunua bolti, na kesho yake akampa Opio aifunge, kwa kuwa ile kazi ilitaka macho. Opio ni utingo wa lori, alikuwa nyumbani kwa mapumziko ya siku tatu. Alikuwa ndiyo kwanza amefungua kifuniko cha bati cha ngoma na kushika grisi, dereva wake akapiga simu kwamba mzigo umetoka forodhani, akafunga bati, akaondoka mbio na bolti mfukoni, akijiambia kwamba kitambaa kipo na kitasema chenyewe.

Apolot alimwona mwanawe akitoka upande wa kisima akijifuta grisi mikononi, akaamini kazi imekwisha. Alhamisi, tarehe 20, alikuwa akifunga gunia la karanga la kupeleka soko la Busia, akakosa kamba, akaenda akafungua kile kitambaa. Kwa miaka ishirini na minane hakuwahi kugusa hata kimoja, na hiki alikigusa kwa sababu kilikuwa kipande cha mkanda wake mwenyewe na alidhani hakina kazi tena.

Ijumaa, tarehe 21, Apolot akiwa sokoni, maji yalikuwa yamepungua na tope limejaa, Imalingat akamwita Nangila amshikie mkono wa gurudumu ili ashuke kulichota. Nangila aliuliza kama chombo ni kizima. Imalingat alisogea karibu, akautazama mkono mzima, hakuona wekundu, akasema ni kizima, akakaa kwenye kamba. Msumari ulikatika akiwa bado juu ya nusu ya kisima, na mkono ukabaki unazunguka bure katika viganja vya Nangila. Imalingat alianguka mpaka chini, akapandishwa na majirani, akabebwa kwenye mkokoteni wake mwenyewe mpaka barabarani, na kutoka hapo hospitali ya Tororo.

Kwa siku zote hizi kijiji kimesema kwamba Nangila aliachia. Ugomvi wa zamani wa mpaka wa shamba umefufuliwa, na jana hakuna aliyempokea maji aliyoyaleta hapa matangani. Nangila hakuachia. Mwenyekiti wa kijiji ana vipande viwili vya msumari, vilikutwa ndani ya grisi, na aliyekifungua kitambaa ni Apolot.

Jumatatu, tarehe 24, hospitalini, Imalingat alimuuliza mkewe jambo moja.

"Mama Asio, kile kitambaa nani alikitoa?"

Apolot alisema hajui.

Imalingat akasema, "Basi nilisahau kukifunga. Mwambie Nangila anisamehe, nilimwambia ni kizima."

Alifariki Jumanne, tarehe 25 Februari 2025, alfajiri, akiamini hivyo. Apolot anasema alitaka kumwambia asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake wa Busia waliochomelea msalaba, na majirani waliovuta kamba siku ile. Inamshukuru Nangila, ambaye amesimama huko nyuma karibu na ua na viganja vyake bado vina bandeji, na inamwomba aje mbele akae pamoja na wafiwa, nafasi yake iko mkekani kando ya Apolot. Kisima hakitatumika. Opio ameiweka ile bolti ndani ya jeneza, hakujua aipeleke wapi pengine. Mlio na vyombo vyenye kitambaa chekundu, kwenye plau, kwenye pampu, kwenye lango la zizi, familia inawaomba msivifungue wala msivitumie, kwa kuwa aliyekuwa na haki ya kuvifungua ndiye huyu tunayemzika, na hakumfundisha mwingine.

Yoakim Imalingat, mkeo amekaa hapa na ametaka ulisikie hili kabla ya udongo. Pumzika, ulikuwa umekifunga.