Kuwabara Fusae, Aliyeliacha Neno "Daijobu" Mlangoni

Ndugu wafiwa, majirani, walimu wenzake na ninyi nyote mliokanyaga theluji kuja kumsindikiza, naitwa Setsu, mdogo wake marehemu, na kwa niaba ya familia naomba mnisikilize niwasomee maisha ya dada yangu, Kuwabara Fusae.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Februari 1951 hapa Yokote, mkoani Akita, mtoto wa kwanza wa wazazi wetu waliokuwa wakulima wa matufaha, akasoma shule ya msingi na sekondari papa hapa, kisha akajiunga na chuo cha walezi wa watoto mjini Akita, akahitimu Machi 1971, na mwezi uliofuata akaajiriwa katika nyumba ya watoto ya mtaa wetu, ambako watoto hushinda baada ya masomo, akaitumikia hadi alipostaafu mwaka 2011, na hata baada ya hapo aliendelea kwa kujitolea.

Tarehe 3 Novemba 1975 alifunga ndoa na shemeji yetu Teruo, seremala, mtu wa maneno machache na vicheko vingi, wakajaliwa mtoto mmoja, Nozomi, aliyezaliwa tarehe 20 Juni 1978. Asubuhi ya tarehe 29 Januari 1994 shemeji alipanda peke yake kuondoa theluji juu ya paa, jirani akamwuliza kama amsaidie, naye akajibu "Daijobu", neno tunalolisema sote tangu utotoni, ambalo laweza kuwa "niko salama" na laweza kuwa "hapana, asante", basi jirani akainamisha kichwa kwa heshima, akaenda zake, na theluji ikaporomoka pamoja na shemeji.

Marehemu hakumlaumu jirani hata siku moja. Alililaumu neno. Alipomaliza matanga alirudi kazini, akawaambia watoto kwamba kuanzia siku ile neno hilo litaachwa mlangoni pamoja na viatu, anayeulizwa atajibu "nataka" au "sitaki", na atakayeponyokwa nalo ataosha sufuria za supu.

Hivyo ndivyo ulivyoanza mpango wa vijana wa Jumamosi, ambao wengi wenu mmeupitia, mkajifunza kupika wali, kushona kifungo, kumpigia daktari simu bila kigugumizi, kupanda paa wawili wawili mkiwa mmefungwa kamba, na kuomba msaada, somo ambalo alisema ni gumu kuliko kumtoa samaki matumbo. Mwaka 2003 alikuja Sugawara Minori, binti wa miaka kumi na mitatu aliyekuwa ameacha shule, akawa anakaa karibu na jiko bila kusema na mtu, mpaka siku alipoulizwa kama aongezewe supu, akajibu lile neno, na wenzake wakamzomea, "Sufuria! Sufuria!" Akaangua kicheko. "Haya basi, nataka! Na viazi nataka!" Leo Minori ni fundi umeme na mama wa watoto wawili.

Oktoba 2023 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, na hapo familia tuliingiwa na hofu, kwa maana aliyefundisha wengine kuomba hakuwahi kuomba kitu yeye mwenyewe. Nozomi alipopiga simu kutoka Sendai aliambiwa mama anakula vizuri, kumbe mama analala jikoni kwa sababu ngazi zimemshinda. Tuliogopa kwamba siku moja tungefungua mlango tumkute amekwisha kufa peke yake.

Desemba iliyopita Minori alikuja na vijana wa Jumamosi, majembe mabegani, nami nilikuwepo nimeshika mfuko wa dawa. Marehemu akachungulia mlangoni.

"Daijobu, daijobu, nendeni mkanywe chai kwenu."

"Mwalimu, umesemaje?" akauliza Minori.

"Sijasema kitu."

"Umelisema mara mbili. Sufuria mbili hizo."

"Huna adabu wewe! Mimi mgonjwa!"

"Ehee, sasa tunaelewana. Na mgonjwa anataka nini?"

Akaufungua mlango wote, akasema polepole, "Nataka mniondolee theluji. Na nataka Nozomi aje."

Nozomi alifika kesho yake, na kuanzia hapo nyumba haikukosa mtu. Dada aliomba uji, aliomba mto, aliomba kukunwa mgongo, aliomba kuimbiwa kisha akatukosoa sauti, kwa kweli aliomba mpaka akatuchosha, na uchovu ule ulikuwa mtamu. Alifariki nyumbani kwake tarehe 2 Februari 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake, na majembe ya vijana yakisikika juu ya paa. Tumelia, lakini pia tumeshusha pumzi.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi waliomfuata nyumbani hata njia zilipozibwa, majirani waliopokezana zamu jikoni, wafanyakazi wenzake wa nyumba ya watoto, na ninyi vijana, ambao hamkukubali kufukuzwa mlangoni.

Dada, uliita watu, na watu wakaja. Hatuna hofu tena juu yako. Lala sasa, pumzika kwa amani.