Mama Mashuka na Hospitali Iliyoanza na Vyumba Viwili

Ijumaa ya tarehe 15 Machi 2019, saa kumi jioni, binti mkubwa wa marehemu alikuwa uani anaanua nguo za wanawe, vibanio mdomoni, simu ikaita, na muuguzi wa wodi ya wanawake akamwambia, "Dada, usishtuke, mama yenu hayupo kitandani, na viatu vyake havipo," kisha akaongeza haraka kwamba hakumaanisha msiba, ila mgonjwa mwenye moyo uliochoka, aliyekatazwa hata kwenda msalani peke yake, ameondoka kwa miguu yake mwenyewe na wodi nzima inamtafuta.

Huyo aliyekuwa akitafutwa ndiye tuliyekuja kumzika leo. Alizaliwa tarehe 3 Machi 1944, mtoto wa nne kati ya saba wa baba mwashi na mama mkulima, akasoma shule ya msingi ya kanisa kuanzia mwaka 1953 hadi 1960, akamaliza darasa la nane akiwa wa pili, nafasi ya kuendelea ikaenda kwa kaka yake aliyekuwa wa kumi na tisa, na jambo hilo alilitaja mara moja tu, kaka akiwepo.

Tarehe 2 Aprili 1962 aliajiriwa kuwa mfuaji katika zahanati ya kanisa, ambayo wakati huo ilikuwa vyumba viwili nyuma ya kanisa, kimoja cha dawa na kimoja cha vitanda vinne, muuguzi mmoja, kisima kimoja, na kwa kuwa kamba ilikuwa moja na pasi ya mkaa ilikuwa moja, vitambaa vya kanisani navyo alivifua yeye, pamoja na mashuka ya wagonjwa. Vitanda vile vinne vilitengenezwa na seremala kijana, ambaye alirudi kuvikaza misumari mara nyingi kuliko ilivyohitajika, wakafunga ndoa tarehe 11 Septemba 1965 katika kanisa hilohilo, na bibi harusi, baada ya kupiga picha, alipita nyuma kuona kama mvua haijalowesha alichoanika.

Jumapili ya tarehe 8 Oktoba 1967 ilifunguliwa wodi ya wazazi yenye vitanda kumi na viwili, askofu akaja, wageni wakajaa, na ibada ilipoanza mchungaji akaona madhabahu imetandikwa shuka la hospitali lenye kiraka, akatoka nje kimyakimya na kumuuliza mfuaji, "Mama, kitambaa chetu kiko wapi," naye akajibu, "Mchungaji, kimelaliwa na mzazi kitanda cha tatu, uchungu umeshika, na huyo simwinui kwa ajili ya askofu." Mtoto wa kike alizaliwa juu ya kitambaa cha madhabahu kabla ya mahubiri kwisha, askofu alipoambiwa alicheka hadi akavua miwani, lakini mfuaji hakucheka, na kesho yake alinunua uzi wa rangi tatu, mwekundu wa wazazi, bluu wa wagonjwa wengine, mweupe wa kanisa, akashona alama kwenye pembe ya kila kitambaa, na tangu siku hiyo akaitwa Mama Mashuka.

Hospitali ilikua na rangi zikaongezeka, kijani ilipofunguliwa wodi ya watoto mwaka 1971, nyeusi kilipojengwa chumba cha upasuaji mwaka 1974, zambarau, kahawia na nyinginezo lilipoinuliwa jengo la ghorofa nne mwaka 1988, na alipostaafu tarehe 30 Juni 2003 akiwa mkuu wa ufuaji, vitanda vilikuwa mia tatu na kumi, mashine sita, wafuaji ishirini na watatu, na rangi kumi na tisa ambazo yeye alizijua gizani.

Marehemu na mumewe walijaliwa watoto watano, waliozaliwa miaka ya 1966, 1968, 1971, 1975 na 1978, wote katika hospitali hiyo, na watoto hao walikua salama, wakavaa safi, wakasoma, ila mashuka ya upasuaji yalishuka kufuliwa jioni, kwa hiyo kwa miaka arobaini na moja mama yao alirudi sahani zimeshaoshwa, akala amesimama jikoni, na hata baada ya kustaafu na kufiwa na mumewe tarehe 6 Mei 2009 hakujua kukaa, alikuwa wa kuinuka, kuchungulia, kufuta kilichokwisha kufutwa. Binti mkubwa, mwenye watoto wake wanne na uchovu wake, hakuomba mengi kwa mama yake, aliomba mlo mmoja wa jioni, wote watano wakiwepo na mama amekaa.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2016, akalazwa tarehe 4 Machi mwaka huu, na Ijumaa ile alikutwa chumba cha kufulia, ameketi juu ya ndoo, anawatenganishia vijana mashuka. Binti akamuuliza, "Nani amekuruhusu kushuka ghorofa tatu," mama akajibu, "Nani alinizuia," binti akamwambia waende nyumbani, mama akauliza, "Nyumbani kuna nini," naye akasema, "Tupo sisi, mama," na mama akakunja shuka lililokuwa mkononi, akasema, "Haya." Daktari alieleza kwamba dawa zimefika mwisho wake, akamruhusu kesho yake.

Marehemu alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 19 Machi 2019, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, maana hakuwa mgonjwa mwepesi, wafuaji wa sasa na wa zamani, mchungaji na kanisa, na majirani walioleta viti na maji kabla hawajaombwa.

Lililobaki ni la Jumapili, tarehe 17, jioni. Wanne walifika mapema, kitindamimba, ambaye ni dereva wa lori, akapiga simu kwamba tairi limepasuka, na kwa saa nzima mama aliinuka mara tano kuangalia sufuria, hadi binti mkubwa akamwambia, "Mama, ukinyanyuka tena nakufunga kwenye kiti hicho," mama akasema, "Utanifunga na nini, wewe hata fundo hujui," wakacheka, lakini binti alikuwa ameukodolea macho mlango. Saa mbili kasorobo dereva akaingia na grisi mikononi, akaelekezwa bombani, akaketi, mama akawatazama mmoja mmoja kutoka mkubwa hadi mdogo, akasema, "Mmetimia, pakueni." Wali ukapakuliwa, watoto watano wapo, mama yao yupo, na hakuinuka hadi sahani ya mwisho ilipoondolewa mezani.

Mama, kaa hivyohivyo, upumzike.