Kumfundisha Aliyenifundisha

Bwana asifiwe! Nasema Bwana asifiwe, na ninyi wa nyuma pia, niwasikie! Ndugu zangu, mimi ni Dama, mnanijua, yule wa kwaya anayechelewa mazoezi kila mara. Leo sikusimama kuimba. Nimesimama kwa sababu Mungu alinitoa mahali nilipochanganyikiwa kabisa, na mambo mengine hata sasa sijayaelewa. Nivumilieni.

Nilipoanza shahada ya uzamili ya takwimu hapa mjini, chuo kilinipa kazi ya msaidizi wa mhadhiri. Asubuhi mimi ni mwanafunzi, profesa ananikaripia kama mtoto. Alasiri, chumba kile kile, mimi ndiye naandika ubaoni na watu wananiita mwalimu. Kazi hiyo ndiyo iliyonilipia karo. Ikiondoka, masomo yamekwisha, narudi kwetu Mariakani na sanduku langu. Basi nikawa sijui mimi ni nani. Kuna siku niliinua mkono kuomba ruhusa ya kwenda msalani, na darasa ni langu mwenyewe!

Sasa sikilizeni. Wiki ya kwanza nimekaa mezani naita majina, mlango ukafunguka, akaingia Mwalimu Kadzo. Mama huyu ndiye aliyenifundisha hesabu shule ya msingi. Amekuja kutafuta digrii kabla hajastaafu, apate kuwa mwalimu mkuu. Wallahi, samahani mchungaji, ndimi zetu za Mombasa hizi, niliruka wima, mikono nyuma: "Shikamoo, Mwalimu!" Na darasa zima, wasijue kuna nini, likasimama nami! Vijana wa Mji wa Kale, mama mmoja mwenye duka la leso Biashara Street, wote wima. Yeye kwa mazoea akajibu, "Marahaba, kaeni." Tukakaa. Na mimi nikakaa!

Chekeni tu. Mimi sikucheka. Tangu siku ile sikuweza kumkosoa. Akikosea ubaoni nasema, "Vizuri, Mwalimu," naendelea. Kwetu mkubwa hasahihishwi mbele za watu, na huyu ndiye aliyenifunza kujumlisha! Wenzake wakawa wananakili makosa yake. Jaribio likaja, wakaanguka karibu wote. Profesa akaniita akaniuliza, anayefundisha darasa lile ni mimi ama yule mama? Akaniambia nisipolishika darasa, nafasi itapewa mwengine.

Ndugu zangu, nilikwenda ufukweni Mama Ngina jioni hiyo, watu wanakula mihogo na kachri za viazi, watoto wanakimbizana, mimi nimekaa ukingoni naomba macho wazi. Nikasema, Bwana, muondoe Mwalimu Kadzo darasani kwangu. Mara nikaona haya. Mama wa watu amenikosea nini? Nikasema basi, niondoe mimi. Na hilo pia sikulitaka! Mwisho nikamwambia, Bwana, sijui hata niombe nini. Sikusikia sauti, sikuona maono. Nilirudi nyumbani Bondeni kichwa kile kile nilichokwenda nacho.

Kesho yake Mwalimu Kadzo akachelewa. Nikamwona mlangoni, magoti yakaanza kuninyanyua. Lakini hakuingia. Alisimama pale nje, mkoba kifuani, akasema, "Samahani, Mwalimu. Naomba niingie."

Nikasema, "Ingia." Hakwenda kukaa. Alikuja mpaka mezani, akasema taratibu, lakini wote walisikia: "Dama mwanangu, mimi nimeanguka jaribio. Kila nikikosea, wewe wanisifu. Heshima yako ndiyo inayoniangusha. Heshima nimepata ya kutosha maishani, hapa nimefuata kujua."

Haleluya! Nililia mbele ya wanafunzi wangu, sioni aibu kusema. Nikampa chaki. Alipokosea nikasema, "Hapo sivyo, Mwalimu. Rudia." Akarudia, akakosea tena. "Bado. Rudia." Yule mama wa leso akapiga kelele, "Alhamdulillahi! Kumbe na mimi hapo ndipo nilipopotea!" Mikono ikainuka chumba kizima. Siku hiyo ndipo nilipofundisha.

Kazi sikunyang'anywa. Mtihani wa mwisho Mwalimu Kadzo alipita, na si kwa kusifiwa.

Lakini nisaidieni, ndugu zangu. Nilimwomba Mungu amwondoe mama yule, naye akamtuma mama yule yule aje kuniokoa. Mbona hivyo? Nimeuliza, nimesoma Neno, sijapata jibu. Namshukuru tu. Na wewe uliyekaa hapo umechanganyikiwa, hujui hata uombe nini, usingoje uelewe ndipo umwamini. Mwambie tu kwamba hujui. Kwangu mimi, hilo ndilo ombi pekee alilolijibu. Jina lake litukuzwe, na wote tuseme Amina!